Mkono Unaokosa Damu

Baina ya mtulinga na ubavu wa kwanza pana njia nyembamba upitamo mshipa mkuu upelekao damu mkononi, na kwa mtu aliyezaliwa na ubavu wa ziada shingoni, mshipa huo huweza kubanwa kila anyanyuapo mkono, hata ukuta wake ukachubuka na kutanuka, damu ikagandia humo, na mabonge madogo yakang'oka kuteremkia vidoleni, vikapauka na kupoa.

James Rodney Richard, mrushaji mashuhuri wa besiboli wa Houston Astros, alilalamika mwaka 1980 kwamba mkono wake umelegea, na wapo waliomdhania mvivu. Tarehe 30 Julai akaanguka mazoezini kwa kiharusi. Dhana ile yanisikitisha, maana dalili za mshipa huo kubanwa alizitaja mwenyewe.

Tiba ya hakika ni upasuaji. Tabibu huuondoa ubavu ubanao pamoja na msuli ulioushikilia, kisha sehemu ya mshipa iliyoharibika huikata na kuiunga kwa kipande cha mshipa mwingine, aghalabu kutoka pajani. Bonge huvutwa kwa mrija mwembamba wenye kiputo, aliouvumbua Thomas Fogarty wa Marekani: huingizwa ukiwa umesinyaa hadi ulipite bonge, kiputo kikajazwa maji ya chumvi, ndipo ukarejeshwa polepole ukilikokota. Kuzibua mshipa na kuuacha ubavu mahali pake ni kazi nusu, kwa kuwa kibano kilekile kitaigandisha damu upya.