Kiishio -ile: Uzi Unaounganisha Iringa, Mbeya na Lamu

Asubuhi mjini Iringa utasikia watu wakiamkiana "Kamwene". Ukifika Tukuyu au Kyela, mkoani Mbeya, Mnyakyusa atakuuliza "Ugonile?" Kwa sikio la mgeni salamu hizi hazina undugu. Ukizichambua, utakuta kila moja ni kitenzi kilichonyambuliwa, na zote mbili zimejengwa kwa kiishio kimoja cha kale.

Tuanze na iliyo nyepesi. Katika ugonile, u- ni wewe, -gon- ni mzizi wa kulala, na -ile huonyesha kwamba tendo limetimia na hali yake ingalipo. Maana yake ni "umelala?", yaani umeamkaje. Kiishio hicho ndicho nguzo ya nyakati za Kinyakyusa. Tukujoba ni tunasema. Tujobile ni tumesema. Twajobile ni tulisema. Tofauti kati ya tumesema na tulisema ni irabu moja tu, -a-, iliyoingia baada ya tu- na kuifanya twa-.

Kamwene inahitaji subira zaidi. Ndani yake mna -wene, umbo timilifu la kitenzi -wona cha Kihehe, lugha ya Iringa, yaani kuona. Kwa nini si wonile? Kwa sababu katika baadhi ya vitenzi l ya -ile hudondoka, kisha i yake hupenya ndani ya mzizi, mbele ya konsonanti ya mwisho. Irabu o na i zikikutana hapo, huzaa we. Kinyakyusa nacho kina bona, kuona, na umbo lake timilifu ni bwene. Mabonde na milima vimetenganisha wasemaji, lakini kanuni imebaki ileile.

Wanaisimu walipolinganisha lugha kama hizi, kazi iliyopata msingi imara kwa Carl Meinhof mwaka 1899, waliunda upya mizizi ya Mame Bantu, lugha mzazi ambayo haikuandikwa kamwe. Kuona waliipa umbo *-bón-, na kiishio chetu *-ide. Kinyakyusa kimeihifadhi b ya mzizi huo. Kihehe kimeilainisha kuwa w. Kiswahili kimeidondosha kabisa, tukabaki na ona.

Je, Kiswahili kilikuwa na -ile? Kilikuwa nayo. Washairi wa zamani wa Lamu na Pate walitumia niwene kwa maana ya nimeona, wene ileile inayosikika Iringa. Kiswahili sanifu kimeacha umbo hilo, ila hakikukitupa kiishio chenyewe. Kitenzi cha kale mala, kumaliza, kilipochukua -ile kilifuata kanuni tuliyoiona: a na i zikazaa e, likapatikana mele. Baadaye mele ikafupishwa kuwa -me-. Kwa hiyo asemaye nimeona leo, kwa asili anasema "nimemaliza kuona", na -ile imo ndani ya neno lake.

Ndiyo maana si haki kuziita lugha za Nyanda za Juu Kusini "lahaja za vijijini" zisizo na sarufi. Sarufi wanayo wazee wa Rungwe na Kilolo, nayo hueleza hata Kiswahili chetu. Msomaji mwenye bibi au babu anayeisema lugha yake vizuri amuulize vitenzi vyake katika kila wakati, na aviandike.