Hamu ya sukari baada ya kuacha pombe

Hamu ya sukari baada ya kuacha pombe ni hali inayowapata watu wengi walioacha vileo baada ya kuvitumia kwa wingi au kwa muda mrefu, ambapo hutamani vitu vitamu kwa nguvu isiyo ya kawaida. Mtu ambaye kwa miaka mingi hakujali keki wala soda hujikuta akitia vijiko vinne vya sukari katika kikombe kimoja cha chai, akinunua biskuti kila apitapo dukani, au akiamka usiku kutafuta kitu kitamu jikoni. Kwa kawaida hali hiyo huanza siku za mwanzo, huwa kali katika wiki za kwanza na kupungua taratibu katika miezi inayofuata, ingawa muda wake hutofautiana sana baina ya mtu na mtu.

Hamu hiyo si ugonjwa, wala si ushahidi kwamba mhusika ana tabia dhaifu. Ina sababu katika ini, katika ubongo na katika mazoea ya kila siku. Inafaa ieleweke vizuri, kwa kuwa kitu kitamu kinaweza kumvusha mtu saa ngumu bila kurudia chupa, lakini katika siku za kwanza kinaweza pia kuwafanya yeye na jamaa zake wasitambue hatari kubwa zaidi iliyopo.

Sababu

Pombe ni chakula cha aina yake. Gramu moja ya ethanoli, yaani alkoholi inayopatikana katika vileo, hutoa takriban kilokalori 7, wakati gramu moja ya sukari hutoa 4 na ya mafuta 9. Chupa ya bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ya alkoholi ina karibu gramu 20 za ethanoli. Hivyo mtu anayekunywa chupa sita kila jioni hupata zaidi ya kilokalori 800 kutokana na alkoholi peke yake, ambazo ni kama theluthi ya mahitaji ya siku ya watu wazima wengi, bila kuhesabu wanga uliobaki katika bia. Nishati hiyo ikikatwa ghafla mwili hudai fidia, na njia ya haraka ya kuipata ni sukari.

Wengi husema kwamba mlevi hutamani sukari kwa sababu pombe yenyewe ni sukari. Maelezo hayo ni nusu ya ukweli. Ni kweli kwamba pombe zote hutokana na sukari au wanga uliogeuzwa sukari: ndizi na ulezi katika mbege, utomvu wa mnazi katika tembo, sukari guru katika chang'aa nyingi za magharibi mwa Kenya. Lakini chachu hula sukari hiyo na kuigeuza alkoholi. Katika gongo, chang'aa, waragi, wiski au vodka, ambazo hupatikana kwa kuchemsha pombe na kukusanya mvuke wake, sukari iliyobaki huachwa chunguni. Hata hivyo walioacha vinywaji hivyo vikali nao hupatwa na hamu ileile. Kwa hiyo haitoshi kusema kwamba mwili unadai sukari uliyoizoea katika glasi.

Sababu nyingine ni ini. Kiungo hicho huhifadhi glukosi kwa namna ya glikojeni, na akiba ikiisha hutengeneza glukosi mpya kutokana na vitu vingine kama protini. Ethanoli inapovunjwa ndani ya ini huzuia kazi hiyo ya pili. Ndiyo maana mtu anayekunywa bila kula anaweza kushukiwa na sukari ya damu hadi kupoteza fahamu. Anapoacha, mara nyingi huwa bado na akiba ndogo na mlo usio na ratiba: hana kifungua kinywa, chakula cha mchana hukila alasiri, na jioni, ambayo zamani ilikuwa saa ya baa, humkuta na njaa kali asiyoitambua kuwa ni njaa.

Sababu ya tatu, ambayo huenda ndiyo kubwa kuliko zote, iko katika ubongo. Pombe na vitu vitamu huamsha njia zilezile za neva zinazompa mtu raha na kumfanya arudie tendo lililomletea raha hiyo. Njia hizo hutumia kemikali iitwayo dopamini, pamoja na kemikali za asili za mwili zinazofanana na afyuni. Kwa mnywaji wa muda mrefu ubongo umezoea kuchochewa kwa nguvu. Kichocheo kikiondoka, maisha huonekana hayana ladha, na peremende huwa njia ya mkato ya kupata kidogo kile kilichopotea. Dawa ya naltreksoni, iliyoidhinishwa nchini Marekani mwaka 1994 kwa matibabu ya uraibu wa pombe, hufanya kazi kwa kuziba vipokezi vya kemikali hizo zinazofanana na afyuni.

Mwaka 1997 Alexey Kampov-Polevoy na wenzake walichapisha utafiti uliofanyika Marekani, ambapo wanaume waliokuwa na uraibu wa pombe na wasiokuwa nao walionjeshwa maji yenye viwango mbalimbali vya sukari. Wale wenye uraibu walielekea zaidi kupenda maji matamu kuliko yote. Tafiti nyingine zimehusisha upendo wa utamu mkali na kuwa na wazazi au ndugu walevi. Aidha, ini hutoa homoni iitwayo FGF21, ambayo katika wanyama wa maabara imeonekana kupunguza hamu ya sukari na pia ya alkoholi. Inaelekea basi kwamba kwa baadhi ya watu hamu hizo mbili zilikuwa jirani hata kabla ya glasi ya kwanza.

Mwishowe kuna mazoea. Mkono ulizoea kushika kitu, mdomo ulizoea kumeza, na saa kumi na mbili jioni ilikuwa na maana yake.

Tofauti na hatari za siku za kwanza

Kutetemeka mikono, kutokwa jasho, moyo kwenda mbio na wasiwasi ni dalili za sukari ya damu kushuka. Dalili hizohizo ni za mwili kukosa pombe uliyoizoea, hali ambayo mitaani huitwa arosto. Kuzichanganya ni kosa linaloweza kuua. Jamaa wanaomwona ndugu yao anatetemeka humpa soda au glukosi ya unga, naye akitulia kidogo huona wametibu, kumbe hatari bado inakuja.

Arosto ya pombe kwa kawaida huanza saa 6 hadi 24 baada ya kinywaji cha mwisho. Degedege, kama litatokea, mara nyingi huja ndani ya saa 48 za mwanzo. Kuweweseka kukali, ambapo mgonjwa huona au kusikia visivyokuwepo, hupotewa na mahali na wakati, hupata homa na kutetemeka mwili mzima, mara nyingi huanza kati ya saa 48 na 96. Sukari haizuii lolote kati ya hayo. Kilichoshuka kwa sababu ya njaa hurekebika dakika 15 hivi baada ya kula kitu kitamu. Mtetemeko unaoendelea au kuzidi baada ya hapo unahitaji hospitali, ambako hutumika dawa kama diazepamu chini ya uangalizi. Mtu aliyekuwa akinywa kila siku kwa wingi, na hasa aliyewahi kupata degedege alipojaribu kuacha, hapaswi kuacha ghafla akiwa peke yake nyumbani. Hospitali za Mirembe mjini Dodoma, Mathari jijini Nairobi na Butabika jijini Kampala ni kati ya zile zinazohudumia watu wenye uraibu, lakini hata hospitali ya wilaya inaweza kuanza matibabu ya dharura.

Hatari nyingine inahusu vitamini B1, yaani thiamini. Unywaji wa muda mrefu pamoja na lishe duni huimaliza, na mwili huihitaji ili kutumia glukosi. Mgonjwa mwenye upungufu mkubwa akipewa glukosi nyingi bila thiamini anaweza kuzidiwa na ugonjwa wa ubongo ulioelezwa na daktari Mjerumani Carl Wernicke mwaka 1881: kuchanganyikiwa, kuyumba anapotembea na macho kutosogea vizuri. Usipotibiwa mapema unaweza kuacha upotevu wa kumbukumbu wa kudumu. Kwa sababu hiyo waganga humpa mlevi aliyedhoofika thiamini kabla ya glukosi au pamoja nayo. Hilo si sababu ya kumnyima kitu kitamu mtu ambaye sukari yake imeshuka kweli. Ni sababu ya kumfikisha kwa mganga.

Kukabiliana na hamu

Jambo linalosaidia zaidi ni la kawaida kabisa: kula kwa wakati. Milo mitatu na vitafunio viwili kati yake huzuia njaa isiyotambulika. Asubuhi, uji wa ulezi wenye karanga au maziwa, au mayai, hukaa tumboni muda mrefu kuliko chai na andazi. Maharage, dengu, dagaa na samaki huleta protini. Ugali wa dona hutoa nishati yake polepole kuliko wa sembe. Utamu wa embe, papai, ndizi mbivu au tende chache huja na nyuzinyuzi zinazoupunguza kasi. Maji nayo yanafaa, kwa kuwa kiu mara nyingi hudhaniwa kuwa hamu ya kitu fulani.

Katika vikundi vya watu walioacha pombe kuna desturi ya kujiuliza mambo manne hamu inapopanda: je, ni njaa, hasira, upweke au uchovu? Peremende hutibu la kwanza tu, tena kwa muda mfupi. Aliyelala saa nne usiku uliopita atatamani sukari siku nzima, na dawa yake ni usingizi. Vinywaji vya kuongeza nguvu, ambavyo wengi hukimbilia, huleta sukari na kafeini kwa pamoja na kuharibu usingizi huohuo.

Katika wiki za mwanzo si busara kuanza pia kupunguza uzito au kujikatia sukari yote. Kati ya kipande cha kashata na kurudia pombe, kashata ni afadhali mno. Kupunguza kunaweza kuja baadaye, kidogokidogo, kwa mfano kijiko kimoja katika chai kila baada ya wiki mbili. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari inayoongezwa katika vyakula na vinywaji, pamoja na ile ya asali na juisi, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, yaani kama gramu 50 kwa mtu mzima, na ikiwezekana ishuke chini ya nusu ya hapo. Chupa ya soda ya mililita 300 huwa na takriban gramu 30. Vikombe vitano vya chai vyenye vijiko vidogo vitatu kila kimoja vinafika gramu 60, kabla ya kuhesabu andazi lolote.

Vipo vitu vitamu vinavyohitaji uangalifu wa pekee. Togwa lililokaa na tembo la mnazi linaloitwa jipya huanza kuchacha lenyewe; utomvu wa mnazi hupata alkoholi ndani ya saa chache tu baada ya kugemwa. Baadhi ya dawa za kikohozi za maji zina alkoholi pia. Bia zisizo na kilevi hazilevyi, lakini harufu, chupa na povu vinaweza kuamsha hamu ya bia halisi.

Mwenye kisukari anapaswa kumweleza daktari kwamba ameacha pombe, kwa kuwa kipimo cha insulini au glibenklamidi kilichopangwa alipokuwa anakunywa huenda kisimfae tena. Hata asiye na kisukari afadhali apimwe, kwani pombe ya miaka mingi inaweza kuharibu kongosho na kuleta kisukari. Kiu isiyoisha na kukojoa mara kwa mara visichukuliwe kuwa sehemu ya kupona. Kwa mwenye mafuta kwenye ini, sukari nyingi ya muda mrefu hurudisha mzigo uleule ambao kuacha pombe kulikuwa kumeuondoa.

Historia na mjadala

Ushauri wa kutumia vitu vitamu ulitangulia tafiti. Chama cha Alcoholics Anonymous kilianzishwa mwaka 1935 mjini Akron, Ohio, na Bill Wilson pamoja na daktari Bob Smith. Kitabu chake cha mwaka 1939 kinamtaja daktari mmoja aliyeona kwamba walevi wote wanaoacha wangepaswa kuwa na chokoleti karibu, kwa ajili ya nguvu ya haraka wanapochoka. Kijitabu cha chama hicho cha mwaka 1975, Living Sober, kina sura nzima kuhusu kula au kunywa kitu, hasa kitamu, hamu ya pombe inapokuja.

Si vituo vyote vya kurekebisha waraibu vinavyokubaliana na hilo. Vingine huzuia soda na peremende kwa hoja kwamba mtu anahamisha uraibu kutoka kitu kimoja hadi kingine. Vingine huweka sukari mezani na kushughulikia lishe baada ya miezi michache. Miongozo mikuu ya utambuzi wa magonjwa ya akili, DSM-5 ya Marekani na ICD-11 ya Shirika la Afya Duniani, haihesabu uraibu wa sukari kuwa ugonjwa, wakati uraibu wa pombe umo katika yote miwili.