Bastola ya Dola 200: Bei Imepunguzwa Wapi?

Katika maduka ya silaha ya Marekani, bastola ya Hi-Point C9, inayotengenezwa jimbo la Ohio, huuzwa kwa takriban dola 200. Glock 17 ya Austria, inayotumia risasi zilezile za milimita 9, huuzwa kwa zaidi ya dola 500. Watu wengi wakiulizwa kama ile ya kwanza inaaminika hujibu kwa methali: rahisi huvunja upishi. Methali hiyo ina ukweli wake, lakini hapa haitoshi, kwa kuwa haituambii ni kitu gani kilichopunguzwa hadi bei ikashuka. Mtengenezaji anaweza kupunguza urembo. Anaweza kupunguza ubora wa madini, au kupunguza kinga inayomwokoa mtumiaji na silaha yake mwenyewe. Vyote hushusha bei, lakini uzito wake si mmoja.

Silaha ya kuaminika hutimiza mambo mawili: hulia inapoamriwa, na hunyamaza isipoamriwa. Mabishano mengi kuhusu bei hushughulikia la kwanza tu, na kukosekana kwa la pili ndiko kunakoua watoto.

Tuanze na la kwanza. Risasi inapolipuka, gesi husukuma kichwa cha risasi mbele na ganda nyuma kwa nguvu ileile. Katika Glock, mtutu na slaidi hufungamana kwa muda mfupi sana mpaka shinikizo lishuke, ndipo ganda litolewe. Ufungaji huo unadai vipande vilivyochongwa kwa vipimo vya karibu, na uchongaji ni gharama. Hi-Point haina ufungaji huo. Mtutu wake hautikisiki, na kinachozuia slaidi isirudi mapema ni uzito wake wenyewe pamoja na springi. Slaidi hiyo husubiwa kwa zamaki, mchanganyiko wa zinki, alumini, magnesiamu na shaba unaoyeyuka chini ya nyuzi 400 za Selsiasi, ukamiminwa kwenye kalibu na kutoka karibu umekamilika. Zamaki ni dhaifu kuliko feleji, kwa hiyo slaidi lazima iwe nene. Matokeo yake ni bastola ya gramu 820 hivi inayobeba risasi 8, ilhali Glock 17 ni nyepesi zaidi na hubeba 17. Mtutu wa Hi-Point, hata hivyo, ni wa feleji, na kiwanda huikarabati bastola bure maisha yake yote, hata ikishapita mikono kadhaa. Mnunuzi basi amelipia upungufu wa bei kwa uzito, kwa idadi ya risasi na kwa sura (na sura yenyewe, tuseme kweli, ni ya nyundo). Mpaka hapo hajalipia kwa uhai.

Sasa tazama kusini mwa California. Sheria ya silaha ya mwaka 1968 ilizuia kuingiza Marekani bastola ndogo za bei ya chini zisizofaa kwa michezo, lakini haikukataza kuzitengeneza humohumo. Mwaka 1970 George Jennings alianzisha Raven Arms, na jamaa zake na washirika wakafuata na Bryco, Davis na Lorcin, viwanda ambavyo mtafiti Garen Wintemute alivipa mwaka 1994 jina la Pete ya Moto. Nao walisubu zamaki, nao waliuza rahisi. Ila Bryco waliunda bastola ambayo mtu hawezi kutoa risasi iliyomo chembani bila kwanza kufungua kifungio cha usalama. Yaani saa ileile mtu anapotaka kuifanya silaha isiwe na hatari, ndipo anapolazimika kuiondolea kinga. Mwaka 1994 mtoto wa miaka 7 alipigwa risasi na kupooza wakati mtu mwingine akijaribu kufanya hivyo hasa. Mwaka 2003 mahakama ya California iliwatwisha mtengenezaji na wenzake fidia ya takriban dola milioni 24, kiwanda kikafilisika, na mwaka uliofuata mali zake zikanunuliwa mnadani na msimamizi wake wa zamani, bastola za kufanana nazo zikaendelea kutoka kwa jina jingine. Madini ni yaleyale ya Hi-Point. Tofauti iko kwenye kilichopunguzwa.

Atakayesema kwamba fedha nyingi hununua uhakika, na akumbuke Vietnam. M16 haikuwa silaha ya maskini, lakini mwaka 1966 na 1967 ilikwama mikononi mwa wanajeshi wa Marekani kiasi cha Bunge kuunda kamati ya kuchunguza: baruti ilikuwa imebadilishwa, chemba haikupakwa kromiamu, na vifaa vya kusafishia havikuwatosha. Mwaka 2017 SIG Sauer walianza kurekebisha P320, ndugu ya bastola iliyokuwa imechaguliwa na jeshi mwaka huohuo, baada ya kubainika kwamba ikidondoka kwa pembe fulani inaweza kulia yenyewe. Upande wa pili, bunduki ya Kalashnikov ni rahisi na sifa yake ya kutokwama imeenea dunia nzima. Lakini mfano huo usitufanye tusahau Sten ya Waingereza, iliyogharimu pauni chache tu. Tarehe 27 Mei 1942, jijini Prague, Jozef Gabčík alimwelekezea Reinhard Heydrich bunduki ya aina hiyo, akavuta, haikulia. Ni bomu la mwenzake, Jan Kubiš, lililomjeruhi Heydrich hadi akafa Juni 4. Ugonjwa uliojulikana wa Sten ulikuwa magazini: safu mbili za risasi zinazobanwa kuwa moja mdomoni, na uchafu kidogo au mdomo uliopinda ukatosha kuizuia. Hata leo, bastola ya bei ya chini ikikwama, magazini ndiyo ya kukaguliwa kwanza.

Bei, basi, haithibitishi kitu. Kinachothibitisha ni majaribio, na hapa wengi hujidanganya kwa hesabu. Mtu hupiga magazini mbili, risasi 16, haikwami, akaridhika. Kumbe silaha inayokwama wastani wa mara moja katika risasi 10 bado ina nafasi ya karibu moja kati ya tano ya kumaliza 16 bila kosa. Ile inayokwama mara moja katika 100 ina nafasi ya karibu moja kati ya saba ya kumaliza 200. California hudai kila bastola ya majaribio ipige risasi 600 na kukwama kusizidi mara 6, tena idondoshwe kwenye saruji kutoka mita moja hivi bila kulia. Serikali kuu haina kipimo cha namna hiyo kwa bastola zinazotengenezwa nchini: tume ya usalama wa bidhaa, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1972, inaweza kurudisha kiwandani birika la umeme lakini imezuiwa kugusa bunduki.

Kuna pingamizi zito zaidi: mwenye dola 200 tu naye ana haki ya kujilinda, na silaha dhaifu ni bora kuliko mikono mitupu. Haki yake siipingi. Lakini risasi 500 za mazoezi, kwa senti 25 hadi 30 kila moja, ni dola 125 hadi 150 nyingine, na asiyekuwa nazo hupiga chache akaifungia bastola kabatini. Hivyo silaha inayohitaji kujaribiwa kuliko zote humwangukia asiye na uwezo wa kuijaribu. Kwa jumla hiyohiyo, bastola kuukuu iliyorejeshwa na idara ya polisi huwa chaguo la busara zaidi.

Hata risasi 500 hizo huthibitisha jambo la kwanza tu. Kama silaha itanyamaza ikidondoka, mwenyewe hawezi kujaribu nyumbani, wala asithubutu. Hilo huamuliwa na muundo na maabara. Kwa hiyo Hi-Point iliyomaliza risasi 500 bila kukwama, kwa magazini na risasi zilezile zitakazotumika, naiamini kwamba italia kuliko Glock ambayo haijatoka kwenye boksi, ila chemba yake ningeiweka tupu. Bryco siichukui hata nikipewa bure.