Akina mama wa Tunduma, baridi yenu ni mtaji wa jikoni!

Wiki hii tunaingia jikoni, lakini wewe baba unayekimbilia ukurasa wa michezo kila ukiona neno mapishi, tulia kwanza. Humu kuna habari za fedha, na fedha haichagui mwanamume wala mwanamke.

Aliyewahi kuamka Tunduma alfajiri ya mwezi wa Juni au Julai anaijua baridi. Malori ya kwenda Zambia na Kongo yamejipanga, madereva wamejikunyata ndani ya makoti, na kila kona kuna birika la chai linalofuka moshi. Kando ya birika kuna maandazi, chapati, vitumbua na skonzi. Hivyo ndivyo vitafunwa vyetu vya mpakani na mimi sivibezi hata kimoja. Lakini kuna ndugu mmoja wa skonzi ambaye wengi tunamjulia hotelini tu, wakati mji huu kwa hali yake ya hewa ni kama umeumbwa kwa ajili yake. Wafaransa wanamwita brioche, tamka brioshi.

Brioshi si mkate wa kawaida, wala si keki, iko katikati. Ni unga wa ngano, hamira, mayai, maziwa kidogo na siagi, tena siagi ya kutosha. Ukiimega inaachana nyuzi nyuzi kama pamba, na vidole vinabaki vinanukia. Wafaransa wanaila kwa kahawa asubuhi, na kwa kuwa Mbozi hapo jirani ni nchi ya kahawa, sioni kwa nini sisi tunywe kahawa yetu kavu.

Kwa taarifa yako, ni brioshi hii hii iliyomharibia jina malkia mmoja. Umesikia ile hadithi ya malkia wa Ufaransa aliyeambiwa wananchi hawana mkate, akajibu basi wale keki? Kwa Kifaransa hakuna keki pale, kilichotajwa ni brioshi. Watu wakambandika Marie Antoinette. Masikini, alisingiziwa! Aliyeiandika hadithi hiyo ni Jean-Jacques Rousseau, aliiandika miaka ya 1760 akimtaja mwana wa mfalme mmoja wa kike bila jina, na wakati huo Marie Antoinette alikuwa mtoto kwao Austria. Alizaliwa 1755 na aliingia Ufaransa mwaka 1770. Umbea ukishatoka nje, kuurudisha kazi.

BARIDI SI ADUI

Sasa tuje kwenye letu. Wengi tulifundishwa kwamba donge la hamira linapenda joto, ndiyo maana akina mama wa Tunduma na Vwawa wanalalamika kuwa unga hauumuki mpaka uwekwe karibu na jiko. Kwa maandazi sawa. Kwa brioshi, la hasha!

Sababu ni siagi. Siagi huyeyuka kwenye nyuzi joto 32 hadi 35 hivi. Mwenzetu wa Dar es Salaam akikanda donge hili mchana wa Januari, siagi inachuruzika mikononi, donge linageuka uji wa mafuta, na mkate ukitoka jikoni unakuwa mzito na umelowa. Sisi wa nyanda za juu, siagi inabaki laini bila kuyeyuka, inaingia kwenye unga taratibu na kukaa humo humo. Hamira nayo haifi kwa baridi, inafanya kazi polepole tu, na donge lililoumuka polepole lina ladha nzuri kuliko lililoharakishwa. Kile tunachokilalamikia kila mwaka, mwenzetu wa pwani analazimika kukinunua kwa umeme wa friji.

Hapa naomba nitie neno la tahadhari. Usije ukawasha jiko la mkaa, ukalifungia chumbani na donge lako eti upate joto. Mkaa unatoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na watu wamelala na jiko ndani wakakutwa wamekufa. Jiko la mkaa ni la uani au sehemu iliyo wazi. Donge linaweza kusubiri, roho haina ya akiba.

SIAGI IPI?

Katika Kiswahili chetu cha mtaani, kila cha kupaka kwenye mkate ni siagi. Blue Band tunaita siagi, wakati inatengenezwa kwa mafuta ya mimea. Siagi yenyewe hutokana na malai ya maziwa, na kwa kipimo cha kimataifa isipungue asilimia 80 ya mafuta hayo. Soma kwenye kifungashio. Ukishindwa kusoma, yeyusha kipande kwenye kikaango: siagi ya maziwa itatoa povu na kunukia maziwa.

Unaweza pia kuitengeneza mwenyewe kama mabibi zetu walivyosuka maziwa kwenye kibuyu. Chemsha maziwa yasiyochanganywa maji, yakipoa engua malai ya juu, yaweke kwenye friji siku mbili tatu ukiongeza mengine. Yakitosha, tia kwenye chupa yenye mdomo mpana na mfuniko, tikisa bila kuchoka mpaka mabonge ya njano yajitenge. Yakamue, yaoshe kwa maji baridi safi yaliyochemshwa. Kiasi tunachohitaji leo kinaweza kula malai ya lita 4 hivi za maziwa, na yale maziwa yaliyobaki usimwage, gandisha watoto wanywe.

MAHITAJI

Kwa skonzi 16 za brioshi andaa unga wa ngano nusu kilo, siagi gramu 150, mayai 4 (ya kuku wa kienyeji tia 5, ni madogo), maziwa ya vuguvugu nusu kikombe, sukari vijiko 5 vya chakula, hamira vijiko 2 vya chai na chumvi kijiko 1 na nusu cha chai. Weka pembeni yai moja zaidi la kupaka juu.

NAMNA YA KUTENGENEZA

Koroga hamira kwenye maziwa na sukari kidogo, acha dakika 10 itoe povu. Isipotoa povu hiyo hamira imekufa, usiendelee. Changanya unga, sukari iliyobaki na chumvi, tia mayai na yale maziwa, kisha kanda dakika 10 BILA SIAGI. Hapa ndipo siri ilipo. Unga ukikandwa unatengeneza nyuzi zinazovutika, na nyuzi hizo ndizo zinazoshika hewa ya hamira. Ukitanguliza siagi, mafuta yanauvika unga na nyuzi hazishikani.

Donge likishakuwa laini, anza kutia siagi iliyolainika (siyo iliyoyeyuka), kipande kimoja baada ya kingine. Utaona donge linaachana, linateleza, linakukatisha tamaa. Usiongeze unga! Endelea kukanda dakika 15 nyingine, litajikusanya lenyewe na kuanza kung'aa. Kata kipande ukivute kwa vidole: kikivutika mpaka kionyeshe mwanga bila kukatika, donge limeiva.

Lifunike kwa kitambaa kibichi, liache mpaka liwe mara mbili. Sukari na mafuta vinaichelewesha hamira, kwa hiyo saa 2 au hata 3 kwa baridi yetu si ajabu. Mwenye friji alikandamize litoe hewa, alifunike na kulilaza humo mpaka asubuhi, ladha yake ni nyingine kabisa. Asiye na friji aendelee siku hiyo hiyo. Donge lenye mayai na maziwa halilali nje usiku kucha, hata kama baridi inauma vipi.

Gawa vipande 16, viringisha kila kimoja, panga kwenye sufuria pana iliyopakwa siagi vikiwa vimekaribiana. Acha viumuke tena saa 1 na nusu hivi mpaka vigusane. Piga yai na maziwa kidogo, paka juu taratibu.

Kwenye oveni ni nyuzi joto 180, dakika 18 hadi 20. Wa mkaa, tia mchanga mkavu ndani ya sufuria kubwa, pasha, weka sufuria ya skonzi juu ya vijiwe vitatu, funika kwa bati au mfuniko wa bapa na palia moto juu. Moto wa chini uwe kidogo, wa juu uzidi, kwa sababu mayai na sukari vinaungua upesi kuliko mkate wa kawaida. Chungulia baada ya dakika 15. Zikiwa na rangi ya asali na kijiti kikitoka kikavu, epua.

SASA HESABU

Jirani yangu mmoja anauza chai na maandazi karibu na foleni ya malori. Alipoonja alinishika mkono.

"Dada, hizi nikiziweka mezani pangu kesho si nitamaliza foleni yote?"

"Utamaliza foleni, mama, na mtaji nao utaumaliza," nikamwambia. "Utaziuza bei gani?"

"Bei ya skonzi, kwani si skonzi?"

Tukachukua karatasi. Mayai 4 kwa skonzi 16 ni robo yai kila moja. Siagi gramu 150 ni gramu 9 na kidogo kila moja. Ongeza unga, maziwa, sukari, hamira, mkaa, na saa zake za kusubiri. Siagi peke yake ilikuwa imeuzidi unga kwa gharama. Kwa bei ya skonzi za kawaida angeuza sana wiki mbili, angesifiwa mtaa mzima, na wiki ya tatu angekuwa anaazima hela ya ngano. Biashara nyingi za akina mama hazifi kwa kukosa wateja, zinakufa huku wateja wamejaa, kwa sababu bei iliwekwa kwa kumtazama jirani badala ya kutazama karatasi.

Mwenzake aliyekuwa amekaa naye akadakia, "Sasa si atie Blue Band, nani atajua?"

Atie, nani kamkataza? Zitakuwa skonzi laini na nafuu, wala si dhambi. Dhambi ni kuzinadi kuwa za siagi. Mpakani habari zinavuka haraka kuliko mizigo. Tangu kituo cha pamoja cha Tunduma na Nakonde kilipozinduliwa Oktoba 2019, msafiri anakaguliwa na nchi zote mbili mahali pamoja. Mteja anayepita leo anaweza kurudi wiki ijayo kukulipa, au kukupita.

Basi tukakubaliana hivi. Maandazi yabaki kila siku, ndiyo yanayosomesha watoto. Brioshi iwe ya Jumamosi, kwa oda, mtu analipa nusu kabla. Kuna kipaimara, kuna sendoff, kuna watumishi wanaotaka kitu kizuri na chai Jumapili. Huyo analipa thamani ya siagi bila kununa, kwa sababu ameifuata mwenyewe. Mpaka naandika haya ana mezo wa Jumamosi nne na hajagusa hela ya maandazi kununulia siagi. Hiyo kwangu ndiyo biashara.

Mkoa wetu wa Songwe bado kijana, ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, na kila siku tunaambiwa fursa, fursa. Watu wanaitafuta fursa ng'ambo ya mpaka, kwenye makontena. Wakati mwingine ipo kwenye lile dirisha unaloliziba kwa blanketi usiku ili baridi isiingie. Kanda kwa subira, andika gharama zako, na ukisema siagi iwe siagi.