Shehena ya Reli na Hali ya Uchumi: Ushahidi wa Masasi na Newala

Katika nchi kubwa zenye njia ndefu za reli, watu wanaopima hali ya uchumi hupenda sana kutazama hesabu ya mabehewa. Nchini Marekani hutangazwa kila wiki idadi ya mabehewa yaliyopakiwa. Na huko Uchina, Li Keqiang, alipokuwa akiongoza jimbo la Liaoning mwaka 2007, alimweleza balozi wa Marekani kwamba yeye hutegemea mambo matatu, yaani umeme unaotumika, shehena ya reli na mikopo ya benki, kwa kuwa takwimu nyinginezo hakuziamini sana. Hoja yao ina nguvu, maana kila tani inayosafiri ina mtu aliyeilipia nauli, na aghalabu mfanyabiashara halipi nauli ya bidhaa asiyotaraji kuiuza.

Lakini huku kusini mwa Tanzania, mtu wa Masasi, au wa Newala iliyo ukingoni mwa uwanda wa Makonde ikilitazama bonde la Ruvuma, ana sababu ya kuupokea ushahidi huo kwa hadhari. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianza mradi wake mkubwa wa karanga katika Tanganyika, na Nachingwea ikawa mojawapo ya sehemu zilizochaguliwa. Kwa ajili yake ikajengwa reli kutoka pwani, kwanza kupitia Mkwaya karibu na Lindi, kisha kutoka bandari mpya ya Mtwara, na baadaye tawi lake likafika Masasi. Mtu ambaye angehesabu mabehewa ya miaka ile ya mwanzo, yakipanda bara na mitambo, mafuta na vifaa vya ujenzi, angeandika kwamba neema imeishukia Kusini. Ilhali shehena ile haikuwa mali iliyozalishwa, bali gharama iliyokuwa ikimwagwa, na karanga zilizotazamiwa kuteremka hazikuteremka kamwe kwa kadiri iliyoahidiwa. Januari 1951 mradi ulivunjwa. Bandari ilipokamilika mwaka 1954, mzigo ambao ilijengewa ulikuwa haupo tena.

Mapema katika miaka ya 1960 reli ikafungwa na vyuma vyake vikang'olewa. Hapo napo msoma takwimu angekosea, safari hii kwa kuomboleza, maana wakati huohuo wakulima walikuwa wakipanda mikorosho, na mavuno ya korosho ya Tanzania yakazidi kupanda hata kufikia tani 145,000 katika msimu wa 1973/74. Mali ilikuwapo, ila ilipita barabarani. Anguko lilikuja baadaye, wanavijiji walipohamishwa mbali na mikorosho yao, bei zikawa duni na ugonjwa wa ubwiriunga ukayashika maua; kufikia 1986/87 yakasalia mavuno ya tani elfu kumi na sita na ushei.

Leo mwenye kutaka kuujua uchumi wa huku hana behewa la kuhesabu. Na atazame malori. Kabla mikorosho haijachanua, magunia ya salfa ya kukinga ubwiriunga hupanda kutoka Mtwara. Yakichelewa, mkulima huanza kuingiwa na wasiwasi wa msimu miezi mingi kabla ya kuvuna. Kuanzia Oktoba, magunia ya korosho hupangwa mbele ya mizani ya chama cha msingi cha ushirika, karani akayapima moja moja na kuandika kilo katika stakabadhi, kisha mzigo ukaenda ghalani kungoja mnada. Daftari la karani huyo lamfaa mchunguzi kuliko hesabu ya malori barabarani, maana mwaka 2018 wakulima walipoikataa bei iliyotolewa mnadani, korosho zilikuwapo tele wala hazikusafiri. Novemba ya mwaka huo serikali ikaliagiza jeshi lizikusanye kwa shilingi 3,300 kila kilo.

Liko jambo moja zaidi, nami naliona kubwa kuliko yote. Sehemu kubwa ya korosho zetu hupakiwa melini zikiwa ghafi, na maganda yake, kwenda India na Vietnam, ingawa viwanda vya kubangua vilijengwa huku tangu miaka ya 1970 na vingi vikakaa kimya. Kilo nne au tano za korosho ghafi hutoa takriban kilo moja ya kiini. Basi siku Newala itakapobangua mavuno yake yote, tani zinazoteremka Mtwara zitapungua zisibaki hata theluthi, na ujira uliokuwa ukilipwa ng'ambo utalipwa Newala.