Somo la 9: Ugonjwa wa Kichocho

Je, umewahi kusikia habari za mtoto anayekojoa mkojo wenye damu? Katika vijiji vilivyo karibu na mabwawa, vijito na mashamba ya mpunga, jambo hili hutokea mara nyingi. Watu wengine huamini kwamba ni dalili ya mvulana kuanza kubalehe. Wengine hudhani kwamba ni ugonjwa wa zinaa, na mtoto huona haya akanyamaza. Katika sehemu hizo, damu katika mkojo wa mtoto kwa kawaida ni dalili ya kichocho.

Chanzo cha kichocho

Kichocho huletwa na minyoo midogo yenye urefu wa sentimita 1 hadi 2. Mwaka 1851 daktari wa Kijerumani, Theodor Bilharz, aliiona minyoo hiyo katika mishipa ya damu ya maiti mjini Cairo, nchini Misri.

Minyoo ya kichocho cha mkojo huishi katika mishipa ya damu iliyo karibu na kibofu cha mkojo. Mnyoo wa kike hutaga mayai mengi kila siku. Kila yai lina mwiba mdogo. Mayai hayo yanapopenya ukuta wa kibofu, huuchubua, na damu hutoka pamoja na mkojo.

Jinsi kichocho kinavyoenea

1. Mgonjwa akikojoa majini, mayai huanguliwa na kutoa lava wadogo sana.
2. Lava hao huingia katika konokono wa majini na kuongezeka humo kwa wiki kadhaa.
3. Konokono hutoa lava wa aina nyingine, ambao huogelea wakimtafuta mtu. Hutoka kwa wingi zaidi wakati wa jua la mchana.
4. Mtu akiingia majini, lava hupenya ngozi yake kwa dakika chache tu. Ndani ya mwili hukua na kuwa minyoo.

Kwa hiyo, mtu huweza kuambukizwa anapoogelea, anapofua, anapovua samaki, anapoteka maji au anapolima mpunga.

Madhara yake

Mgonjwa husikia maumivu anapokojoa, na damu huonekana hasa mwishoni mwa mkojo. Asipotibiwa, kibofu na figo zake huharibika. Mayai huweza pia kukwama katika viungo vya uzazi, yakaleta vidonda na maumivu. Msichana aliyeumwa hivyo kwa miaka mingi huenda akapata shida ya kuzaa atakapokuwa mtu mzima.

Kichocho si ugonjwa wa zinaa

Magonjwa ya zinaa, kama vile kisonono na kaswende, huambukizwa hasa kwa kujamiiana na mtu mwenye ugonjwa. Kichocho hutoka majini. Hata hivyo, baadhi ya dalili zake hufanana na za magonjwa hayo. Huwezi kuyatofautisha kwa kutazama tu. Mgonjwa lazima apimwe katika zahanati. Huko mkojo wake hutazamwa kwa darubini ili kuona kama una mayai.

Ukiona damu katika mkojo, ukisikia maumivu, au ukiona kidonda au uchafu usio wa kawaida katika sehemu za siri, usinyamaze. Mweleze mama, baba, bibi, mwalimu au mtu mzima mwingine unayemwamini. Kuugua si kosa. Anayeficha ugonjwa huchelewa kutibiwa.

Tiba na kinga

Kichocho hutibiwa kwa vidonge vya prazikwanteli. Vidonge hivyo hutolewa hata shuleni, na idadi yake hupimwa kwa urefu wa mtoto. Kula chakula kabla ya kuvimeza. Lakini kumbuka kwamba dawa haimkingi mtu asiambukizwe tena. Kwa hiyo:

(a) Usikojoe wala kujisaidia majini au karibu na maji. Tumia choo.
(b) Usiogelee wala kucheza katika mabwawa na vijito vyenye konokono.
(c) Oga kwa maji ya bomba au ya kisima kilichofunikwa. Maji ya bwawa yasiyo na konokono yakikaa siku 2 katika chombo, lava hufa.
(d) Chemsha maji ya kunywa.

Mtoto mmoja akitumia choo, huwakinga wenzake wote wanaoteka maji bwawani.

Maswali

1. Lava wa kichocho huingiaje katika mwili wa mtu?
2. Kama konokono wa majini wasingekuwapo, kichocho kingeweza kuenea? Eleza.
3. Rafiki yako anakojoa damu, naye anaona haya kusema. Utamshauri nini?

Kazi ya kufanya

Chora duara linaloonyesha safari ya kichocho kutoka kwa mtu hadi kwa mtu. Weka alama mahali ambapo wewe na wenzako mnaweza kuikata safari hiyo. Usiende bwawani kutafuta konokono.