Vidonge vya Kukesha

Vikundi vyetu vingi vimechanga harambee ili mtoto wa kijiji aende kusoma Marekani. Kuna jambo tungependa aambiwe kabla hajapanda ndege.

Huko, mitihani ikikaribia, kuna wanafunzi wanaopeana vidonge kama Adderall na Ritalin ili wakeshe wakisoma. Ni dawa halali ya daktari, kwa mtu anayeshindwa kutulia na kukaza fikira, naye hupimiwa kiasi na kufuatiliwa. Kwa asiyeandikiwa, moyo unaweza kwenda mbio, presha ikapanda, na mwili ukaizoea asiweze kuacha. Eti inaongeza akili! Inafukuza usingizi tu, na asiyelala husahau aliyosoma.

Kumpa rafiki hata kidonge kimoja ni kosa la jinai, na mgeni akihukumiwa anaweza kurudishwa kwao.

Tena vinavyouzwa kichinichini vingine ni bandia. Mei 2022, mjini Columbus, Ohio, wanafunzi wawili walikufa; chuo kikaonya juu ya Adderall bandia yenye fentanili, dawa kali ya maumivu ambayo chembe kidogo tu huzima pumzi. Kwa macho huwezi kuitofautisha na ya duka la dawa.

Kijana akilemewa na masomo, vyuo vingi vina mshauri na kliniki. Aanzie huko, au apige simu nyumbani, hata usiku.